Padres 2023: mikimbio +104, ushindi 82, mtoano hakuna. Ni bahati mbaya au kikosi kilikuwa kibovu?

Njiro_BesiYaTatu (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Najua jukwaa hili wengi ni Simba na Yanga, ila sisi wachache tunaoamka alfajiri kwa ajili ya besiboli tunajuana. Swali ni lenu.

San Diego Padres, timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani, msimu wa 2023. Bili ya mishahara karibu dola milioni 250, ya tatu kwa ukubwa nyuma ya Mets na Yankees. Juan Soto yupo, Manny Machado yupo, Fernando Tatis Jr. karudi Aprili baada ya adhabu yake, Xander Bogaerts kasainiwa miaka 11 kwa dola milioni 280. Blake Snell kachukua Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) akiwa na ERA ya 2.25 (wastani wa mikimbio anayobebeshwa mrushaji kwa mechi ya iningi tisa; ikiwa ndogo ni bora). Josh Hader anafunga mechi, yaani anarusha mwishoni kulinda uongozi, kwa ERA ya 1.28. Mashabiki zaidi ya milioni 3.2 waliingia Petco Park. Mwisho wa yote: wameshinda 82, wamepoteza 80, wanatazama mtoano kwenye televisheni kama sisi.

Kinachonitatiza ni jedwali. Wamefunga mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) 752, wameruhusu 648, tofauti +104. Arizona Diamondbacks tofauti yao ilikuwa −15. Miami Marlins −57. Hao wawili wote wamemaliza 84-78, wamepita kwa waildikadi (nafasi za mtoano za wasio mabingwa wa kundi), na Arizona wakaenda mpaka World Series, fainali yenyewe! Timu ya Ligi Kuu yetu ikiwa na tofauti ya magoli ya namna hiyo huwa inapigania ubingwa, haimalizi katikati ya msimamo.

Naomba wanaoelewa watoe majibu yenye namba. Je, hii ni mikosi tu, au kuna kitu kwenye kikosi kilichokuwa kinavuja na sisi tulikuwa tunaangalia majina? Na mtu aliyeko huku anawezaje kulitambua hilo mapema, msimu ukiwa unaendelea, bila kusubiri wachambuzi wa Marekani wamwambie Oktoba?

---

Hesabu_Kibosho (Moshi)

Chalii yangu wa Njiro, swali zuri. Tuanze na hesabu kwanza, lawama zije baadaye.

Kuna njia ya haraka na njia ya uhakika. Ya haraka: kila mikimbio 10 ya tofauti ni sawa na ushindi mmoja juu ya nusu ya mechi. Mechi ni 162, nusu ni 81. Tofauti +104 inakupa ushindi 10 na kitu. Kwa hiyo timu hii ilitakiwa iwe na ushindi 91 hivi.

Njia ya uhakika: chukua mikimbio uliyofunga, ipandishe kwenye kipeo cha 1.83, gawanya kwa jumla ya hiyo na mikimbio uliyoruhusu ikiwa nayo imepandishwa kipeo hichohicho, kisha zidisha kwa 162. Kwa 752 na 648 unapata 91.96, yaani 92. Ukitumia kipeo cha 2, kama ilivyokuwa zamani, unapata 93. Simu yoyote yenye kikokotoo cha kisayansi inafanya hivyo kwa nusu dakika. Marlins kwa fomula hiyohiyo wanapata 75. Wao wamekula ushindi tisa wa bure, Padres wamenyimwa kumi.

Sasa zimeenda wapi hizo kumi? Jibu liko sehemu moja tu: mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja. Padres walishinda 9 wakapoteza 23. Marlins walishinda 33 wakapoteza 14. Ziondoe hizo mechi 32 kwenye rekodi ya Padres, zinabaki 73-57. Hiyo ni asilimia 56.2, na kwa mechi 162 ni ushindi 91. Unaona jinsi inavyorudi palepale? Kwenye mechi 130 nyingine Padres walikuwa ndio ile timu uliyoiona kwenye karatasi.

Wangegawana tu zile 32, yaani 16-16, wangemaliza na 89 na kuwa mbele ya Miami na Arizona wote wawili. Mechi tatu tu zingewatosha.

Je, 9-23 inaweza kutokea kwa bahati tupu? Rusha sarafu mara 32. Uwezekano wa kupata kichwa mara 9 au pungufu ni asilimia 1. Inaonekana ndogo, lakini ligi ina timu 30. Kwa hiyo kila baada ya miaka mitatu hivi kuna timu moja lazima ipigwe na kitu cha namna hiyo, hata kama haina kosa. Mwaka 2023 zamu ikawa ya San Diego.

Na kinachonifanya niamini kwamba sehemu kubwa ni bahati: rekodi ya mkimbio mmoja huwa haidumu. Baltimore Orioles 2012 walikuwa 29-9, mwaka uliofuata 20-31. Texas Rangers 2016 walikuwa 36-11, mwaka uliofuata 13-24. Kama kingekuwa ni kipaji cha kushinda mechi ngumu, kisingeyeyuka ndani ya miezi sita.

Tahadhari moja kabla hujaanza kujumlisha. Watu wanachukua 9-23, wanaongeza na rekodi ya iningi za nyongeza (awamu za kupiga zinazoongezwa mechi ikiwa sare baada ya tisa), ambayo ilikuwa 2-12, wanapata vipigo 35 vya mikosi. Hapana. Mechi nyingi za nyongeza zinaisha kwa tofauti ya mkimbio mmoja, kwa hiyo ni mechi zilezile unazihesabu mara mbili.

---

Sakina_Straiki (Arusha)

Mangi, hesabu zako safi ila unawapa hawa matajiri kisingizio. Kila timu ikifeli ina mtu wa kuja na fomula.

Kwanza hiyo +104 yenyewe imepulizwa. Besiboli ukishapigwa 9-1 kwenye iningi ya saba, kocha anaacha kutumia warushaji wake wazuri, anaingiza wa mwisho kwenye foleni, wakati mwingine hata mchezaji wa uwanjani anapanda kilimani kurusha. Padres walipokuwa wanampiga mtu walikuwa wanampiga kweli, na mikimbio ya mwisho ile ilikuwa dhidi ya vibonde. Mikimbio ya namna hiyo inapendezesha jedwali, ushindi haiongezi. Kata kila mechi kwenye tofauti ya mikimbio mitano, yaani ushindi wa 12-2 uuandike +5 tu, na kipigo vilevile, halafu ujumlishe upya. Timu ya mapigo makubwa itashuka.

Pili, tazama chini ya orodha ya kupiga. Soto alicheza mechi zote 162, homurani (mipigo ya kuvuka uzio) 35, akapewa besi za bure 132 kwa mirusho mibovu ya wapinzani. Sawa. Nyuma yake nani? Austin Nola mdakaji wastani wa kupiga wa .146. Matt Carpenter .176. Trent Grisham .198. Nelson Cruz waliachana naye Julai. Ukiwa na watu wanne wa dhahabu na watatu wanaotolewa bila kugusa mpira, utafunga mikimbio saba leo na mmoja kesho. Wastani unapendeza, mechi unapoteza.

---

Daftari_la_Mama (Moshi)

Kaka Hesabu na kaka Sakina wote mna haki, ila hakuna aliyefungua iningi ya kumi, na ndipo msimu ulipofia. Vipigo 12 vya kwanza vya nyongeza vilikuja mfululizo, hawakushinda hata mechi moja ya nyongeza mpaka Septemba. Uwezekano wa 2-12 kwa sarafu ni chini ya asilimia 1. Bahati ipo ndani yake, sikatai, lakini sheria ya iningi za nyongeza ina tabia zake na kikosi hiki kilikuwa kimeumbwa vibaya kwa sheria hiyo.

Tangu 2020 kila iningi ya nyongeza kwenye msimu wa kawaida inaanza na mkimbiaji wa bure akiwa besi ya pili, na 2023 sheria ikawa ya kudumu. Kwenye mtoano haitumiki. Mkimbiaji akiwa besi ya pili na hakuna auti, timu hufunga wastani wa mkimbio 1.1 hivi, na uwezekano wa kupata angalau mmoja ni kama asilimia 60. Akisogezwa besi ya tatu kwa gharama ya auti moja, wastani unashuka chini ya mkimbio mmoja, lakini uwezekano wa kupata huo mmoja unapanda hadi kama asilimia 65. Ndiyo maana timu ya nyumbani ikipiga ya pili na matokeo yakiwa bado sare, kusogeza kwa banti (kuugusa mpira taratibu tu) kuna akili. Mgeni anayepiga kwanza akifanya hivyo anajinyima, kwa sababu hajui mwenzake atafunga ngapi.

Kazi inayotakiwa hapo ni ya kawaida kabisa. Mpigaji wa kwanza apeleke mpira wa chini upande wa kulia, mkimbiaji afike besi ya tatu. Mpigaji wa pili apige mpira wa juu wa kutosha kwenda uwanja wa nje, mkimbiaji aingie nyumbani baada ya kudakwa. Mkimbio mmoja, bila hiti hata moja. Sasa kama mpigaji wa kwanza anatolewa kwa straiki tatu, mkimbiaji amebaki palepale, walinzi wa ndani hawana haja ya kusogea mbele, na mpira wa juu wa mpigaji wa pili ni auti tupu.

Halafu kuna hili la Soto. Iningi ya nyongeza inaanza na besi ya kwanza ikiwa wazi. Adui hana sababu ya kumrushia mtu kama Soto: anampa besi kwa makusudi, mkimbio wa Soto wala hauna uzito mkubwa, na sasa kuna nafasi ya kupata auti mbili kwa mpira mmoja wa chini. Timu inayoishi kwa nyota wawili watatu inanyamazishwa kwa kidole kimoja cha kocha. Anayeamua mechi ni anayefuata, na kaka Sakina ameshawataja waliofuata.

Sasa upande wa kurusha. ERA ya timu nzima ilikuwa 3.73, miongoni mwa bora kabisa kwenye ligi yote, na watu wakaishia hapo. Snell alirusha iningi 180 katika mechi 32. Gawanya: iningi 5 na auti mbili kwa mechi. Aligawa besi za bure 99, na mrushaji wa namna hiyo anamaliza idadi ya mirusho yake mapema. Kwa hiyo hata siku ya mshindi wa Cy Young, iningi tatu na zaidi ziko mikononi mwa warushaji wa akiba. Joe Musgrove alianza mechi 17 tu, bega likamtoa. Yu Darvish kiwiko kikamsimamisha Agosti. Robert Suarez, aliyetegemewa iningi ya nane, alikosa nusu ya kwanza ya msimu kwa kiwiko. Hader alikuwa mtu wa iningi moja, ya tisa, basi. Ukimtumia kwenye sare ya tisa, ya kumi unamkabidhi mtu wa nne au wa tano wa benchi, na huyo anaanza kazi akiwa tayari ana mkimbiaji nyuma yake. Ukimweka akiba usubiri kuongoza, unaweza kupoteza mechi naye amekaa kwenye benchi na koti lake.

Na hapa ndipo takwimu zinapowadanganya watu. Yule mkimbiaji wa bure akifunga, mkimbio wake hauingii kwenye ERA ya mrushaji. Vilevile mrushaji akiingia na kukuta wakimbiaji wa mwenzake, wakifunga wanaandikwa kwa mwenzake. Kwa hiyo mtu wa akiba anaweza kupoteza mechi tatu kwa wiki na ERA yake ibaki inang'aa. Ukitaka kuijua akiba ya timu, usiangalie ERA peke yake. Angalia amekuta wakimbiaji wangapi na wangapi kati yao wamefunga.

---

Hesabu_Kibosho

Dada Daftari, hilo la mkimbio wa bure kutoingia kwenye ERA nakupa. Linatosha kueleza kwa nini benchi lilionekana zuri kwenye karatasi.

Ila kwa Sakina: ukikata mapigo makubwa unakata pande zote mbili, na Padres nao walipigwa. Halafu timu mbovu haiwapigi watu 9-1 mara kwa mara. Kupiga kipigo kikubwa ni dalili ya ubora kuliko kushinda 3-2, ingawa machoni inaonekana kinyume. Waulize Marlins wa 33-14 mwaka uliofuata: walipoteza mechi 100.

---

Sakina_Straiki

100 kwa sababu waliuza watu na warushaji wakaumia, mangi. Usiweke kila kitu kwenye sarafu yako.

---

Njiro_BesiYaTatu

Asanteni sana, hasa dada Daftari, iningi ya kumi sasa naiona kwa jicho lingine. Nabaki na sehemu ya mwisho ya swali. Mechi za nyumbani za San Diego kwetu ni alfajiri. Niandike nini, niache nini, ili kufikia Juni nijue timu inaonewa au inajionea? Na kifurushi kisiishe kabla ya wiki.

---

Daftari_la_Mama

Kaka Njiro, kwanza saa. San Diego iko nyuma yetu saa 10 msimu mzima. Mechi ya saa 12:40 jioni kwao ni saa 10:40 alfajiri kwetu. Tangu saa ya mirusho (inayomwekea mrushaji muda wa kurusha) ilipoanza 2023, mechi ya iningi tisa inachukua wastani wa saa 2 na dakika 40, mwaka wa nyuma yake ilikuwa saa 3 na dakika 4. Kwa hiyo inaisha kama saa 1:20 asubuhi, kabla ya ofisi. Jumapili wakicheza saa 7:10 mchana kwao, kwetu ni saa 5:10 usiku. Wakisafiri kwenda miji ya mashariki kama New York, tofauti ni saa 7, mechi ya saa 1:05 usiku inakuwa saa 8:05 usiku wetu. Hiyo iache, soma matokeo asubuhi.

Andika tarehe ya kwao, usiandike ya kwetu. Mechi ya Jumanne San Diego ni Jumatano alfajiri Arusha, na ukichanganya, hesabu ya siku za mapumziko ya warushaji inaharibika yote.

Kifurushi: redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula MB 77 hivi kwa mechi nzima. Video ya ubora wa kati inakula karibu GB 2. Kwa kazi hii redio inatosha, maana unachotaka ni matukio tu.

Nunua daftari la hesabu la miraba, kurasa mbili zinazotazamana kwa wiki. Kwa kila mechi andika: nyumbani au ugenini, matokeo baada ya iningi ya sita, matokeo ya mwisho, wakimbiaji walioachwa kwenye besi. Hayo manne yanachukua sentimita mbili za karatasi. Upande wa kulia ndio wa maana zaidi: nani alirusha ya saba, ya nane na ya tisa, kila mmoja alirusha mara ngapi siku tatu zilizopita, alikuta wakimbiaji wangapi, wangapi walifunga. Nafasi za uwanjani tumia namba za kawaida: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 ya pili, 5 ya tatu, 6 shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), 7, 8 na 9 uwanja wa nje kutoka kushoto kwenda kulia. Auti mbili kutoka shotistopu kwenda ya pili hadi ya kwanza ni 6-4-3, umemaliza.

Iningi za nyongeza zipe mstari wao. Andika mpigaji wa kwanza alifanya nini na mkimbiaji wa bure: alimsogeza, alimfungisha, au alimwacha hapohapo. Hiyo peke yake ukiifanya kwa mechi saba au nane unaanza kuona tabia ya timu.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuhesabu mechi za mkimbio mmoja kwa matokeo ya mwisho tu. Kuna 5-4 ambayo ilikuwa 5-1 mpaka iningi ya tisa, na kuna 7-4 ambayo ilikuwa sare mpaka ya nane. Ndiyo maana nakwambia uandike matokeo ya baada ya sita. Timu inayoongoza baada ya sita na kupoteza mara kwa mara ina tatizo la benchi. Timu iliyo sare baada ya sita na kupoteza inaweza kuwa ni benchi, inaweza kuwa ni chini ya orodha, safu ya walioachwa kwenye besi itakuambia. Na ile inayogawana zote hizo nusu kwa nusu lakini bado ina rekodi mbaya, hapo mwachie kaka Hesabu na sarafu yake.

---

Meru_Uwanja_wa_Nje (Arusha)

Naongeza dogo, nje ya mada kidogo. Petco Park iko usawa wa bahari na hewa ya usiku kutoka baharini ni nzito, mipira inakufa kwenye uwanja wa nje. Aprili 2023 Padres walicheza na Giants mechi mbili Mexico City, mita 2,240 juu, ya kwanza ikaisha 16-11, ya pili 6-4, zote wakashinda. Denver iko mita 1,600 na mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia 5 hadi 10 kuliko pwani. Arusha yetu ni kama mita 1,400. Machado angefurahi sana hapa Sheikh Amri Abeid, wasimamizi wa paa wasingefurahi.

Ila kuna uhusiano na mada: mikimbio ya milimani ni rahisi. Mkitaka kukata mapigo makubwa kama anavyosema Sakina, anzeni na za Mexico City na Denver.

---

Sakina_Straiki

Sawa mkuu, tuziondoe. Sasa tuangalie walichofanya wao wenyewe baada ya msimu, maana pale ndipo utajua kama uongozi uliamini ni bahati. Soto kapelekwa Yankees Desemba 2023 pamoja na Grisham, wakarudi Michael King na warushaji wengine watatu na mdakaji Kyle Higashioka. Hader akaenda Houston, Snell akaondoka, kocha Bob Melvin akahamia Giants, Mike Shildt akachukua. Mei 2024 wakamleta Luis Arráez, mtu ambaye kumtoa kwa straiki tatu ni kazi. Julai wakaongeza Tanner Scott na Jason Adam kwenye benchi la warushaji. Matokeo: 2024 Padres wana wastani wa kupiga wa .263, bora kuliko timu zote, na ndio waliotolewa kwa straiki mara chache zaidi kwenye ligi nzima. Ushindi 93.

Yaani walirekebisha vitu viwili hasa: kugusa mpira, na benchi la warushaji. Ndivyo vitu ambavyo dada Daftari amevitaja. Mtu anayeamini ni mikosi hafanyi hivyo, anakaa na Soto wake anasubiri sarafu igeuke.

---

Hesabu_Kibosho

Soto aliuzwa kwa sababu mkataba wake ulibaki mwaka mmoja na bili ilitakiwa ishuke, hilo lilijulikana. Na ushindi 93 ni ule ambao fomula ilisema kikosi cha 2023 kilistahili, 92, ongeza mmoja. Kwa hiyo 2024 haiamui kati yetu, wote wawili tulitabiri kitu kilekile.

Ila nakubali jambo moja. Zile ushindi 10 zilizopotea sizipi bahati zote. Kwa maelezo ya dada, mechi tatu au nne nazipa benchi na iningi ya kumi. Sita zinabaki zangu.

---

Daftari_la_Mama

Nne, kaka, na ya tano tutaipigia kura. Njiro, lile daftari chukua la kurasa 64. Kwa kurasa mbili kwa wiki, msimu unaisha kabla yake.